Vitambaa vya Uzi Mwekundu

Hii aibu yangu sijawahi kuisimulia mwenyewe, imekuwa ikisimuliwa na wengine, kila mtu akitia chumvi yake, hadi juzi nikasikia ati Mama Mchungaji alikula kitambaa. Hakukila. Alijipanguza mdomo tu. Basi kaeni niwaambie ilivyokuwa, mnicheke mara moja tuimalize, kwa maana mimi nimechoka.

Wakati huo tulikuwa tunakaa Dandora, mimi na Baba Mueni, chumba kimoja tulichokigawa kwa pazia, huku kitanda, kule viti na meza, na jiko la makaa pale mlangoni (ua ulikuwa wa wapangaji wote, bomba moja, choo kimoja na masikio mengi). Mueni alikuwa amezaliwa wakati wa baridi, bado mchanga kabisa, na likizo yangu ya uzazi ilikuwa inaisha, narudi kiwandani kushona kola za mashati. Nilikuwa nimeshapatana na jirani yangu Mama Akinyi, ambaye alishinda nyumbani, kwamba atanishikia mtoto mchana. Ndipo mama mkwe akafika kutoka Machakos, na hakuficha kilichomleta. Alimtaka mtoto. Yaani aende naye, amlee kwa maziwa ya ng'ombe wake, mimi niwe nikimwona Krismasi na Pasaka. Wengi walifanya hivyo na hakuna aliyeona ni ajabu, lakini mimi kila nikiwaza kifua kinajaa na maziwa yanamwagika yenyewe.

Siku aliyofika, kabla hata hajaketi, upepo ulitoka upande wa jaa la taka ukaingia ndani wote, akasimama mlangoni akaniuliza, "Mwanangu, hapa mtoto anavuta hewa gani?" Nikampokea mzigo wake. Baba Mueni naye mbele ya mama yake huwa hana mdomo, akasema tutaona. Tukapatana (sema wao walipatana) kwamba angekaa hadi Jumamosi, akina mama wa kanisa waje wamwombee mtoto, halafu aamue. Mimi nilielewa tu kwamba ninapimwa. Nyumba ikionekana safi, Mueni anabaki, ikionekana chafu, Mueni anapanda basi.

Sasa vitambaa. Nilikuwa na shuka la flaneli, zawadi ya harusi, limechakaa katikati, nikalikatakata. Vipande vingine nikavifanya vya jikoni, vya kufunikia chapati zisikauke, vingine vya kumpanguzia mtoto nikimbadilisha nepi. Na kwa kuwa mimi ni mtu wa cherehani, vya jikoni nilivipinda kwa uzi mweupe na vya mtoto kwa uzi mwekundu, ili visije vikakutana hata siku moja. Vya mtoto nilivichemsha, nikavianika juani, nikavipiga pasi, nikavikunja vizuri, nikavilowesha kwa maji yaliyochemshwa na tone la mafuta ya mtoto, nikavipanga ndani ya mkebe mkubwa wa mafuta ya kupikia wenye kifuniko. Vikishatumika vilikwenda kwenye ndoo chini ya kitanda, nayo ina kifuniko chake, vikingoja siku ya kufua. Nilijiona mjanja kweli. Kosa langu ni kwamba siri ya ule uzi niliijua peke yangu.

Jumamosi hiyo kulikuwa na baridi, na Mueni alikuwa na tabia ya kupiga ukelele kitambaa baridi kikimgusa, utadhani anachinjwa. Nikawaza, asije akanililia hivyo mbele ya nyanya yake na kanisa zima. Nikautoa mkebe nyuma ya pazia nikauweka karibu na jiko, upate joto, kando ya sufuria ya chapati. Nikatia na ganda la limau, ili panukie. Hapo ndipo nilipojichimbia shimo, na nililichimba nikiimba.

Wageni wakaja, wametembea kwenye vumbi, miguu na nyuso zimepauka. Mimi niko nyuma ya pazia nanyonyesha, na mtoto naye amechagua saa hiyo kujiharibia. Baba Mueni akauliza kutoka upande ule, "Vitambaa viko wapi?" Nikadhani amesikia nepi ikilia, nikamwambia viko kwenye mkebe, karibu na jiko. Kumbe yeye anauliza vya chapati. Hebu niambieni nani wa kulaumiwa. Lugha yetu hii kitambaa ni cha kichwa, kitambaa ni cha meza, kitambaa ni cha kupenga kamasi, na cha makalio ya mtoto pia ni kitambaa.

Ila hata hakufunikia chapati, angalau angefunikia chapati. Huyu bwana alikuwa dereva wa hoteli moja ya mjini, anawabeba watalii, na kitu kilichomshangaza kuliko simba wote aliowaona ni kwamba wageni wakirudi na vumbi wanapokelewa mlangoni na vitambaa vya moto, vibichi, vinavyonukia, wanajipanguza kabla hata hawajasema jambo. Hadithi hiyo tulikuwa tumeila na ugali miezi na miezi. Sasa akafunua mkebe, mvuke ukampiga usoni, limau, vitambaa vimekunjwa sawasawa, na pindo jekundu juu. Akadhani ni mimi nimemfanyia. Nasikia hata machozi yalimlengalenga.

Akavipanga kwenye sinia akawapitishia. Mimi nyuma ya pazia nasikia tu sifa, ooh, ahh, hii ni hoteli jamani, na sauti ya Baba Mueni ikieleza jinsi Wazungu wanavyoanzia kwenye uso halafu shingo. Sikuelewa ni nini kinasifiwa, nikadhani ni chapati. Halafu nikamsikia mama mkwe, na yeye si mtu wa maneno mengi, akisema, "Huyu msichana ana mkono safi. Mtoto nitamwacha."

Nilibusu kile kichwa cha Mueni hadi akaachia titi. Vitambaa vilikuwa havijaletwa, nikampanguza kwa nepi kavu, nikamfunga, nikatoka naye nikiwa nimejaa furaha hadi kooni, na mtu wa kwanza niliyemwona ni Mama Mchungaji, mke wa mchungaji wetu, mwanamke wa heshima zake, ameinua uso juu, amefunga macho, anajipanguza polepole pembe za mdomo kwa kitambaa cha uzi mwekundu.

Ningesema nini? Vilikuwa safi. Nawaapia vilikuwa safi kuliko vikombe. Nikaketi nao. Wakamwombea mtoto, mimi nikaomba macho wazi, nikiomba kitu kimoja tu, wale, waende zao. Wakala chapati na mchuzi, wakajipanguza tena, na baadhi wakawa wanavinusa na kuuliza ni sabuni gani. Nikasema ni limau. Ilikuwa imebaki chai tu, kisha mlango.

Ndipo Baba Mueni akakumbuka kwamba kule hotelini pia kuna kikapu cha kurudishia vilivyotumika. Akaingia nyuma ya pazia. Nilimtolea macho, nikamkunjia uso, nikatikisa kichwa hadi kilemba kikalegea, naye akanitikisia chake kwa upendo, maana alidhani namshukuru. Akarudi na ile ndoo ya chini ya kitanda, ambayo yeye aliijua kuwa ya nguo za kufua tu. Akaiweka katikati ya akina mama wa kanisa, akaifunua.

Mama Mchungaji akaziba pua kwa adabu, akasema, "Leo upepo umegeuka." Wote wakaitikia, jaa hili, jaa hili litatumaliza, na mume wangu mtiifu akaenda kufunga dirisha. Mnajua inakuwaje ukifunga dirisha na shida iko ndani.

Saa hiyo hiyo Mama Akinyi akaingia na birika la chai, yeye ambaye kila siku alikuwa akiviona vile vitambaa kwenye kamba ya nguo uani. Akatazama ndoo. Akatazama kitambaa kilicho shingoni mwa Mama Mchungaji. Akauliza kwa upole kabisa, kama mtu aliyetaka kujua tu, "Mama Mueni, na leo mtoto unampanguza na nini?"

Sitaki kuwaambia walivyotoka. Mlango ulikuwa mdogo na wao hawakuwa wadogo, na vitambaa walivitupa ndani ya ndoo wakipita. Bombani kulipangwa foleni, watu wanasukutua na kutema, wapangaji wote wamesimama kwenye milango yao, na mimi ninafuata nyuma na mtoto begani nikisema vya ndani ya mkebe ni vingine, vya ndani ya ndoo ni vingine, na hakuna anayesikia. Mama Akinyi alikuwa ameketi kwenye kizingiti anacheka hadi anajishika mbavu. Nilirudi ndani nikijua nitamfungia Mueni nguo zake.

Mama mkwe hakuwa ametoka. Alikuwa ameketi palepale, amechukua kitambaa kilichobaki kwenye mkebe, anakigeuzageuza kwenye mwanga, anakinusa, anavuta ule uzi kwa ukucha kuona kama utafumuka. Akanyoosha mikono nimpe mtoto, akamlaza mapajani, akamfungua, akampanguza taratibu, na Mueni hakulia hata kidogo. Baba Mueni alikuwa amesimama kando ya dirisha alilolifunga, hajui aweke wapi mikono.

"Mtoto atakaa," mama mkwe akasema, bila kuinua uso. "Wa kurudi nami nyumbani nimlee upya ni huyu wako mkubwa."

Nikaketi chini nikalia, kisha nikacheka, kisha nikalia tena. Jioni nikaenda bombani na karai. Vya wageni na vya mtoto vilikuwa vimeshachanganyika ndani ya ndoo, uzi ule ule, sikuweza kujua kipi kilipita kwa Mueni na kipi kilipita kwa Mama Mchungaji, nikavifua vyote pamoja hadi vidole vikawaka, na mama mkwe akawa ananisaidia kuvikamua. Jina la Mama Vitambaa nalibeba hadi leo. Nyumbani kwangu hakuna anayetaja kitambaa bila kutaja na kazi yake, na nikialikwa mahali nikaletewa kitambaa kibichi, hata kinukie namna gani, huwa natazama pindo kwanza.