Bowa Uliopoa

Sisi tuliokulia Kamalondo, mvua ya kwanza ikinyesha hatukukaa ndani. Tulijua siku si nyingi kina mama wa porini wataingia mtaani na mabeseni kichwani, yamefunikwa majani mabichi, wakiita, "Bowa! Bowa eee!" Bowa ndio uyoga wetu, na mwingine ulikuwa mpana hata mtoto angeweza kujikingia mvua. Baba, fundi nguo, aliacha cherehani katikati ya mshono. Baadaye matunda ya masuku nayo yangeiva, tushindane kutema kokwa hadi ng'ambo ya barabara, lakini kwetu mwaka ulianza na bowa.

Mama yangu hakununua hivi hivi, kwani uyoga mwingine ni sumu. "Kula kwanza, nikuone," alimwambia muuzaji. Yule mama wa porini hakuudhika, ndiyo ilikuwa adabu ya biashara ile. Alimega kipande, akatafuna taratibu, akameza, sisi watoto tumelikodolea macho koo lake. Hapo watu walicheka, na mama akafungua fundo la kitenge. Jioni bowa uliiva kwa karanga za kutwanga, tukauvamia na bukari, ugali wetu, tukiungua vidole. Wee! Nani alingoja upoe?

Juzi mama, ambaye sasa ni mzee na tangu augue anarudisha kila sahani, aliniambia anatamani kitu kimoja tu, bowa. Sikumaliza hata chai. Sokoni nilipita samaki wakavu wa Pweto, nikapita mafungu ya viwavi wakavu ninaowapenda, sikusimama. Roho ilikuwa juu juu. Misitu ya karibu imeishia kwenye magunia ya makaa, na bowa siku hizi ni wa kubahatisha.

Niliupata kwa binti mmoja mwenye kucha ndefu, simu sikioni.

"Inatoka pori gani?" nikamuuliza.

"Siyue, maman. Banaletaka na camion."

Kumbe bowa umeletwa na lori tu. Nikamwambia ale kwanza, nimwone. Alicheka hadi simu ikataka kumponyoka. "Miye? Miye sikulake bowa! Nakulaka poulet."

Jamani! Watoto wa leo wanakula kuku, na wanauza kitu wasichokijua hata ladha. Nilikasirika kweli kweli, lakini nirudi mikono mitupu, mama alale tena na njaa? Nikamega kipande mwenyewe, nikatafuna mbele ya soko zima, nikameza. Binti alinitazama akadhani nimerukwa na akili.

Nyumbani nilipika kwa karanga kama zamani, huku nikilisikiliza tumbo langu. Likinguruma kidogo, nashtuka. Mama alinusa mvuke, akafumba macho, akajisogeza mezani bila kushikwa mkono. Nilifurahi nusura nilie. Akanyoosha mkono kwenye sahani, kisha akausimamisha.

"Ule alikuuzisha, alikula kwanza?"

"Hapana, mama. Nilikula miye."

Akaisukuma sahani. "Basi tungoje."

Tukangoja. Nikiinuka, ananiambia nikae. Nikikohoa, ananishika mkono kwa nguvu ambazo sikujua kama bado anazo. Nilimwambia mimi ni mzima, ale, chakula kinapoa. Aliendelea kunichungua usoni. Ndipo nilipoona kwamba hakujiogopea yeye, aliniogopea mimi, na njaa yake yote hiyo. Mvuke uliisha, mafuta ya karanga yakaganda juu, bukari ikafanya ngozi ngumu.

"Uko muzima," alisema mwishowe. "Leta."

Alikula sana, akakomba sahani kwa tonge la mwisho. Nilimshukuru Mungu, lakini sikutulia, nikawa naisogeza ile sahani tupu huku na huku. Enzi zile mama wa porini asiyetujua kwa jina alikula mbele yetu, nasi tukala moto. Sasa tumebaki wawili, mimi na mama, tukitazamana hadi bowa upoe.