Shemeji ananifundisha mfumo ambao mie natakiwa kuuzima

Admin, nifichie jina, maana nyumbani wote wanafuata huu ukurasa. Mie ni binti wa miaka 26, naishi Chanika kwa dada yangu na mumewe. Najua mkisikia shemeji mshaanza kuwaza mengine. Tulieni, si hayo. Yangekuwa hayo ningefungasha nguo zangu nikaondoka.

Shemeji ndiye aliyenitafutia kazi kiwandani kwao Chang'ombe, tunatengeneza ndoo na mabeseni. Yeye anashika mfumo wa kompyuta wa stoo na mauzo, wa kizamani, pale hakuna mwingine anayeuelewa. Mie niko kitengo cha kompyuta kwa mkataba, kutwa kubadilisha wino wa printa na kuitwa "sista, intaneti imekata". Nikawa namlilia kwamba nataka nibobee kwenye mfumo mmoja, sijui nishike wa mishahara, wa uhasibu au wa stoo. Akacheka. "Mishahara utagombana na watu, shem. Njoo stoo, nitakupika mpaka uive."

Basi kila Jumamosi tunakaa mezani na laptop yake, ananifundisha bila kubania kitu. "Ndoo ikirudi imepasuka usiiingize tena kwenye stoo, utakuta watu wanauza hewa!" Dada anatuletea chai na vitumbua, roho yake kwatu.

Mwezi uliopita meneja akaniita. Unakuja mfumo mpya unaounganisha stoo, mauzo na uhasibu, na wananilipia mafunzo niwe mtaalamu wake, na ajira ya kudumu juu. Jamani nilifurahi, siwadanganyi, ndicho nilichokuwa naomba kwa Mungu. Kisha akasema, "Ila kwanza chota kila anachokijua shemeji yako. Tukishahama, nafasi yake haitakuwepo." Nikamuuliza kwa nini asifundishwe yeye huo mpya. "Yule kashachoka. Na hili likivuja nitajua limetoka kwako, mkataba ukiisha usirudi."

Tangu siku hiyo naendelea kujifunza huku najua. Nikimuuliza swali shemeji anaona nina bidii. "Mke wangu, umemuona mdogo wako? Huyu ndiye mrithi wangu." Na dada mwenyewe ni mjamzito, tumbo hilo limeshakuwa kubwa. Niliingia bafuni nikafungulia maji nikalia.

Jana ndiyo nikamalizwa kabisa. Kuna rafiki yake amempatia kazi kiwanda kingine, wanatumia mfumo uleule wa kizamani na wanamtaka haraka. Shemeji anasema atampigia amkatalie. "Nikiondoka sasa hivi nani atakumalizia, shem? Bado hujaiva. Au wewe unaonaje, niende?"

Nikimwambia nenda, meneja atajua nimevujisha, na mafunzo ndiyo kwaheri. Na ninayataka hayo mafunzo, nyie, sijawahi kutaka kitu hivi. Nikinyamaza, mtoto wa dada anazaliwa baba yake hana kazi, na aliyeizima ni mie ninayelala chumba cha pili na kula ugali wake.

Nikamjibu, "Wewe ndiye mkubwa, shem." Akafurahi, akasema basi anabaki.

Simu anapiga kesho asubuhi. Jamani nishaurini, nimwambie au ninyamaze?