Taya la Mama Mkwe

Kwetu Matongo, kijana akioa anapata mke na anapoteza njia. Njia yoyote anayopita mama mkwe wake si yake tena. Akimwona anakuja, anakata kulia anaingia kwenye mihogo, na mama naye anakata kushoto, kila mmoja akijifanya amekumbuka jambo shambani. Hawapeani mkono, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Ugomvi haupo. Ni heshima tu, na mimi nililelewa nayo.

Nilioa Nyansurura, upande wa Serengeti, kisha nikajenga Turwa, hapa Tarime mjini, ambako ninafanya kazi ya udaktari wa meno. Miaka yote mama mkwe wangu nilimfahamu kwa mgongo na kwa sauti. Mgongo, kwa sababu kila nilipofika kwao yeye alikuwa anatokea mlango wa uani. Sauti, kwa sababu ya simu. Waliotunga mwiko hawakuijua simu, na mama aliutumia upungufu huo bila huruma. Alinipigia kunisimulia ndoto zake, kuniuliza kama mvua imenyesha Tarime, na kunisengenya mimi mwenyewe nikiwa nasikiliza.

"Mkwe," alisema siku moja, "jana ulipokuja nilikuchungulia dirishani. Umenenepa, lakini tumboni tu."

Basi kuna siku alipiga akazungumza kwa ufupi, nikajua ana shida.

"Mkwe, jino."

Lilikuwa gego la mwisho, chini, upande wa kulia. Alishakwenda kwa tabibu mmoja huko huko karibu nao. Tabibu akamchoma sindano ya ganzi. Mdomo ukafa, ulimi ukafa, lakini alipoligusa jino mama aliruka, akamzaba kofi, akaondoka na jino lake. Aliporudi kuomba radhi wakajaribu tena, ganzi ikaongezwa, jino likabaki hai vilevile. Kijijini ikasemwa kwamba taya lake linakula dawa. Wengine wakasema ana kinga ya ukoo. Mwenyewe hakukanusha, maana tangu hapo wanawake wenzake walimpisha foleni kisimani.

"Njoo mama, nikuone," nilimwambia.

"Unione? Wewe?"

Nikamweleza kwamba Musoma kuna madaktari wengine. Akasema Musoma hatafika, barabara ile na jino lile vitamalizana naye njiani. Akakata simu. Nikadhani yameisha. Jioni mke wangu akapokea ujumbe wake wa sauti, akausikiliza akiwa jikoni, nikamsikia anacheka mpaka anakaa chini.

"Mama ameupatia mwiko dawa," aliniambia. "Anakuja."

Siku alipofika, mke wangu alimpokea stendi akamleta kazini kwangu. Walipoingia nilikuwa nimegeukia ukuta kama mwanafunzi aliyeadhibiwa. Kiti kikalia, kitambaa kikachakacha, mke wangu akasema, "Geuka."

Nikageuka. Mama mkwe alikuwa amelala kwenye kiti, amejifunika kanga mpya kuanzia utosini hadi kifuani. Katikati ya kanga, mahali pa mdomo, alikuwa amekata tundu la duara na kulipinda vizuri kwa cherehani. Ndani ya tundu kulikuwa na mdomo, shavu moja limevimba, nao ulikuwa unatabasamu.

"Mwambie daktari," mdomo ulimwagiza mke wangu, "mdomo hauna ukwe."

"Mama anasema mdomo hauna ukwe," mke wangu alinifikishia, ingawa nilikuwa nimesimama hapo hapo.

"Mwambie mgonjwa shikamoo."

"Marahaba," mdomo ukajibu kabla mke wangu hajaufungua wake.

Siku hiyo nilimpa dawa za usaha tu, akakaa kwetu Turwa mpaka uvimbe ukapungua, na mimi nikawa ninaingia nyumbani kwangu nikikohoa kwanza. Aliporudi kutolewa jino, mke wangu alimpeleka kwanza kupigwa picha ya taya. Mpiga picha hakuwa mkwe wa mtu, kwa hiyo huko kanga ilivuliwa.

Picha ilipotoka nilikaa nayo muda mrefu. Taya la chini lina handaki ndani yake. Mshipa wa fahamu unaingia kwa nyuma, upande wa ndani, unapita chini ya mizizi ya magego, na tawi lake linatokea kidevuni kwenye kitundu kidogo. Sisi wachoma ganzi tunauvizia pale mlangoni kabla haujaingia. Ukiupata hapo, upande mzima unalala. Hivyo ndivyo vitabu vinavyosema, na mataya mengi yanatii vitabu. La mama halikutii. Nyuma ya gego lile la mwisho niliona handaki la pili, jembamba, limefungukia juu karibu na ufizi, likishuka kujiunga na lile kubwa, kama wachimbaji wa kwetu wanapotoboa njia yao pembeni ya shimo la wenzao. Kama humo ulipita uzi mwingine wa fahamu, basi yule tabibu alifunga mlango mkubwa vizuri kabisa, na maumivu yakaendelea kupita uani.

Chuoni mwalimu alitueleza kuwa mataya ya namna hiyo yapo. Tuliandika, tukafaulu mtihani, tukasahau. Moyo ulinidunda kwa furaha ambayo haifai mbele ya mtu anayeumwa.

"Mwambie mgonjwa taya lake lina njia mbili," nikasema.

Kanga ikatulia. "Mwambie daktari nimewaambia watu miaka yote kwamba mimi si wa kawaida."

Nikachoma sindano ya kwanza, ile ya mlangoni. Tukiwa tunasubiri ikolee, mdomo ukaanza tena.

"Muulize daktari, ameoa?"

"Ameoa," mke wangu akajibu.

"Huko alikooa wanampikia? Mbona vidole vyake vyembamba hivyo?"

"Mwambie mgonjwa," nikasema, "kwamba mke wangu alifundishwa kupika na mama yake."

Kanga ikatikisika. Mke wangu aligeukia dirisha, mabega yakimcheza.

Mdomo ulipokufa ganzi nililigusa jino kidogo tu, kupima. Mkono ukachomoka chini ya kanga ukanikamata kwenye kifundo cha mkono. Mke wangu akaziba mdomo kwa kiganja. Mama mkwe alikuwa ameushika mkono wa mkwewe, mchana kweupe.

"Mwambie daktari," sauti ikatoka nzito, upande mmoja wa mdomo ukiburuta maneno, "nimeshika koti. Yeye sijamshika."

Akaniachia. Nikachukua sindano ya pili, nikachoma nyuma ya gego, pale handaki dogo lilipofungukia. Tukasubiri. Nikaligusa jino. Kimya. Nikaligusa kwa nguvu. Kimya.

"Mwambie aanze basi, nazeeka hapa," mama akasema.

"Nimeshaanza, mama," nikajibu, nikisahau kabisa kupitia kwa mke wangu.

"Nani kasema?"

Nikashika koleo. Jino likatoka zima, mizizi yake imepinda kama pembe za mbuzi. Nikamwekea pamba ang'ate, na kwa mara ya kwanza siku hiyo mdomo ule ukafungwa.

Baba mkwe alinipigia jioni ile ile. Yeye hatanii.

"Mura, kijana wangu, uso wake uliuona?"

"Hapana baba. Kulikuwa na kanga."

"Ulimgusa?"

"Nilivaa glavu."

Alifikiri nikawa nasikia ng'ombe wake wakilia zizini. "Glavu ni nguo," akaamua, na shauri likaishia hapo.

Mama aliondoka na ile picha. Nilisikia kwamba anaiinua juani kisimani, anawaonyesha wanawake njia ya kwanza, kisha njia ya pili, na foleni imezidi kumpisha. Yule tabibu nilimtafuta nikamweleza kwamba hakukosea, taya ndilo lililokuwa na siri. Akacheka, akasema angalau shavu lake limepata maelezo.

Mvua zilipoanza, mke wangu naye akaumwa gego, na nadhani ni mgonjwa pekee niliyewahi kumwona akija kung'olewa jino kwa mbwembwe. Alishawaambia majirani wakae tayari kuona taya lingine la njia mbili. Nikampeleka akapigwa picha. Handaki moja, limenyooka, kama lilivyochorwa kitabuni. Sindano ya kwanza tu akalala upande mzima.

"Angalia tena," alisema.

"Nimeangalia."

"Na kushoto?"

"Hata kushoto."

Habari zilipofika Nyansurura, mama yake alicheka kwanza, ndipo akatoa pole. "Huyo amechukua taya la baba yake," alisema. Mke wangu hakuzungumza na mtu hadi usiku. Nilimpikia uji nikaupoza, akaunywa kwa upande mmoja wa mdomo, akinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyemchonga ule mfupa.