Kidude Kilicholia Kona ya Daraja

Ukitaka kuamini amini, usipotaka acha, lakini usiseme nimetunga. Mtu hutunga uongo ili umsaidie, na haya hayanisaidii kitu. Kama ningekuwa natunga ningekuambia kwamba breki zilikatika, au kwamba dereva wa lori alikuwa amelewa, nami ningelala usingizi kama watu wengine. Ninachokusimulia kilinitokea mimi mwenyewe, siku ya Jumapili, saa tatu asubuhi, jua likiwa limeshawaka, na sikuwa nimeonja hata tone la pombe.

Mimi ni fundi wa waya za magari. Gereji yetu iko Makadara, nyuma ya Barabara ya Jogoo, na kazi yangu ni redio, king'ora, taa na mambo ya namna hiyo. Lakini kwa miaka kadhaa watu walinijua zaidi kwa kitu kingine: vile vidude vinavyowekwa kwenye dashibodi, ambavyo hunusa kamera ya spidi ya askari wa barabarani kabla hujamfikia. Pale gereji tunakiita mbwa, kwa sababu kazi yake ni kunusa na kubweka. Dereva akisikia mlio anaondoa mguu kwenye mafuta, anampita askari polepole na uso wa mtu aliyetoka kuungama.

Sitaki tubishane kuhusu sheria. Nataka tu ujue nilivyokuwa nikijivuna. Wauzaji wengine walisoma maneno yaliyoandikwa kwenye boksi, wakapokea pesa, basi. Mimi nilikuwa napima. Kila Jumapili, mama akienda kanisani, mimi naweka vidude viwili au vitatu kwenye dashibodi ya gari langu, naingia Barabara ya Kangundo, natafuta askari. Kidude kikianza kulia, nahesabu nguzo za stima kutoka hapo mpaka nimwone askari mwenyewe. Kilicholia nguzo kumi kabla, huyo ni mbwa wa kweli. Kilicholia nguzo mbili kabla ni pambo, maana askari ameshakusoma. Na kuna vingine hulia ovyo, hata mbele ya mlango wa supamaketi unaojifungua wenyewe. Hayo pia niliyaandika kwenye daftari langu: mahali fulani, kinalia bure. Nikimuuzia mteja namwambia mapema asishtuke akifika hapo. Walipenda sana. Walisema huyu jamaa anaijua kazi yake, na mimi, kichwa kikubwa, nikaamini.

Siku moja muuza vipuri mmoja wa Huruma akaniletea kidude kikuukuu, plastiki imekwaruzika upande mmoja. Nikamuuliza kimetoka wapi.

"Kimetoka kwa gari, fundi," akasema. "Ama unataka pia birth certificate yake?"

Tukacheka. Nilipokifungua nikakuta chembechembe za kioo ndani, kama za kioo cha gari kilichovunjika. Nikazipuliza zikaenda. Vipuri vyetu vingi hutoka kwenye magari yaliyogongwa, kwa hiyo sikuwaza sana.

Jumapili iliyofuata nikakiweka kwenye dashibodi pamoja na vingine viwili vipya. Nilipopita Joska, kabla ya kufika kwenye kona iliyo karibu na daraja, kile cha zamani kikaanza kulia. Vile viwili vipya vilikuwa kimya. Nikaanza kuhesabu nguzo. Moja, mbili, tano, kumi. Ilipofika ya kumi na nne ndipo nikamwona askari. Kumi na nne! Tangu nianze kazi hiyo sikuwahi kupata hesabu kama hiyo, na nilifurahi, sikufichi.

Ungekuwa wewe si ungejiuliza maswali? Askari gani anasimama na kamera katikati ya kona, mahali asipoweza kuona gari linalokuja? Na alikuwa peke yake, hakuna gari lao, hakuna pikipiki, hakuna mwenzake. Tena madereva waliokuwa wakitoka upande ule hawakuniwashia taa. Unaijua desturi yetu: ukimpita askari unamwashia taa dereva anayekuja, hata kama humjui, hata kama jana mlitukanana kwenye foleni. Siku hiyo hakuna aliyeniwashia. Niliyaona hayo yote na sikuyatilia maanani, kwa sababu akili yangu ilikuwa kwenye nguzo kumi na nne.

Akainua mkono, nikasimama. Alikuwa mtu mzima, mrefu, amevaa sare ya ule mtindo wa zamani, imepigwa pasi vizuri. Hakunisalimu.

"Dereva, ulikuwa ukienda spidi gani?"

"Sabini, afande."

Akanigeuzia kamera nisome. Mia moja ishirini na nane. Nusura nicheke. Hilo gari langu likifika mia linatetemeka kama mgonjwa wa malaria.

"Afande, hiyo si yangu."

"Najua si yako," akasema. Alisema polepole, kama mtu aliyechoka kurudia jambo. Akakiangalia kile kidude kilichokuwa bado kinalia. "Utakayempa hicho, mwambie akifika hapa apunguze."

Sasa mimi ni mtoto wa Eastlands. Nimesimamishwa barabarani mara ngapi? Nikajua, huyu ameviona vidude vyangu na anazunguka mbuyu, anangoja nizungumze vizuri. Nikakunja noti ndani ya leseni nikampa. Akaifungua leseni. Akaichukua ile noti kwa vidole viwili na kuiweka juu ya goti langu.

"Umesikia nilichosema?" akauliza.

Hapo ndipo ningepaswa kujua. Wakati huohuo lori la mchanga likatupita kwa kasi, gari langu likayumba, vumbi likaingia dirishani likanijaa machoni. Nilipoyafumbua macho nikamwona bado ameinama dirishani. Shati lake halikuwa limetikisika. Kamba ya filimbi begani mwake ilikuwa inaning'inia tuli, na upepo wa lori lile ulikuwa umenifunika mimi na kiti changu kwa vumbi jekundu. Kwake hakukuwa na vumbi hata punje.

"Nimesikia, afande," nikasema, jinsi mtu anavyosema ili aachiliwe. Akanirudishia leseni, nikaondoka.

Nikageuza gari mbele kidogo, nikarudi, kwa sababu nilitaka kuhakikisha. Kidude hakikulia. Kwenye kona hapakuwa na mtu. Ng'ambo ya daraja kulikuwa na mama anayechoma mahindi, nikamwuliza yule askari ameelekea wapi.

"Askari gani?" akasema. "Hapa leo hakuna askari amesimama. Mimi nimekuona wewe tu, umesimama pale unaongea na dirisha. Nikadhani uko kwa simu." Akanitazama vizuri. "Kwani uko sawa, baba?"

Nikamwambia niko sawa, nikanunua hindi ambalo sikulila. Halafu nikafanya jambo ambalo nikilikumbuka nataka kujipiga makofi. Nilitoa daftari na kuandika: nguzo kumi na nne, safi kabisa. Kona ya daraja, kinalia bure.

Ningeandika nini kingine? Kwamba nimezungumza na mtu asiyepigwa na upepo?

Nina mdogo wangu, nilikuwa naye niseme, jina lake Wafula. Ndiye kitinda mimba wetu. Alikuwa akiishi Huruma, ghorofa ya nne, na mkewe Nekesa na watoto wawili, na kazi yake ilikuwa kuendesha pikapu ya kupeleka vifaranga wa siku moja kwa wafugaji wa Tala na Kangundo. Kazi hiyo usiione ndogo. Vifaranga hawasubiri. Wakikutwa na jua la mchana barabarani wanakufa ndani ya maboksi, na kila boksi lina mwenyewe anayekungoja getini akiwa na maneno yake. Kwa hiyo Wafula alikuwa akikimbiza gari, na alikuwa ameshanaswa na kamera mara mbili. Tajiri wake alimwambia mara ya tatu alete funguo mezani.

Akanijia gereji siku ya Jumatano.

"Brathe, nipee mbwa wa ukweli," akasema. "Si hizo za kuuzia watu."

Unadhani nilimpa kipi? Damu yangu mwenyewe ningempa cha pili kwa ubora? Nilimfungia kile cha zamani kwa mikono yangu, nikaficha waya vizuri chini ya dashibodi. Na nilikuwa nimekusudia kumweleza kuhusu yule askari, naapa. Maneno yalikuwa mdomoni. Lakini aliniangalia jinsi alivyokuwa akiniangalia tangu utotoni, kama mtu anayejua kila kitu, na nikaona aibu kumwambia mdogo wangu kwamba nimesimamishwa na mtu ambaye hakuonekana na mwingine ila mimi.

"Ukifika kwa ile kona ya daraja, kitalia," nikamwambia. "Usijali, pale kinalia bure."

"Sawa, fundi mkuu," akasema, akanigonga bega, akaenda.

Wiki tatu zikapita salama. Aliniletea trei ya mayai, akasema hajasimamishwa hata mara moja. Nekesa akanipigia simu kunishukuru. Nikajiambia, unaona? Lilikuwa jua tu.

Siku ya Jumanne, karibu saa sita mchana, simu ikaita na sauti nisiyoijua ikaniuliza kama mimi ni ndugu yake dereva wa vifaranga.

Lori lilikuwa limeharibika baada tu ya kona, limeziba njia yote. Wenyewe walikuwa wametandaza matawi barabarani, lakini waliyatandaza karibu mno, mahali ambapo ukiyaona umeshafika. Wafula alifia palepale. Aliyepona ni mpakizi wake, mzee jirani yake wa Huruma anayeitwa Baba Shiro, aliyevunjika mkono na mbavu. Nilienda hospitalini kumwona kabla hata sijaenda mochari, kwa sababu nilikuwa tayari nalijua swali langu na nilikuwa naliogopa.

"Ile kitu ilianza kulia mbali sana," Baba Shiro akaniambia. Alikuwa anavuta pumzi kwa shida. "Haijawahi lia hivyo. Nikamwambia, kijana, punguza, huko mbele kuna kitu. Akasema, wachana nayo mzee, brathe amesema hapa inalia bure. Akakanyaga mafuta."

Akageukia ukutani. Hakujua brathe ni nani, nafikiri. Ama alijua.

Walioenda kwenye ajali waliniambia kwamba vifaranga wengi hawakuumia. Maboksi yalipasuka, nao wakatoka wakatembea katikati ya barabara, wakilia, na watu wakawa wanawaokota na kuwatia kwenye kofia. Pikapu niliiona baadaye imevutwa kituoni. Mshale wa spidi ulikuwa umekwama. Unajua ulikwama wapi: mia moja ishirini na nane. Kile kidude kilikuwa kizima, hakina hata ufa mpya, nikakichomoa nikaondoka nacho.

Tulimzika Wafula nyumbani, upande wa Bungoma. Nekesa aliposimama kuzungumza alinishukuru mbele ya umati wote. Alisema shemeji alimwekea mumewe kitu cha kumlinda, na Mungu ndiye aliyejua zaidi. Nikainamisha kichwa. Mama akanishika mkono, akidhani ni uchungu wa kufiwa peke yake. Sijawahi kuwaambia. Wewe nakuambia kwa sababu hunijui na hatutakutana mezani.

Nimeacha biashara hiyo. Niliwapigia wateja wangu mmoja mmoja niwaambie wasiyategemee yale niliyowaambia kuhusu mahali vinapolia bure, wengi wakacheka, mmoja akaniuliza kama nimeokoka. Kidude nilikiponda kwa nyundo nyuma ya gereji na sikupata nafuu yoyote. Baadhi ya Jumapili naenda pale konani, naegesha gari, nasimama karibu na nguzo. Nataka kumwuliza yule askari kwa nini aliniambia mimi, kwa nini hakumsimamisha Wafula mwenyewe. Magari yanapita, yananifunika kwa vumbi. Hajaja. Siku hizi nadhani hatakuja, kwa sababu alikuwa na ujumbe mmoja na alishautoa.

Mwezi uliopita Nekesa alikuja kunitembelea Makadara. Alikunywa chai nusu kikombe, akazungushazungusha kijiko, kisha akauliza lile alilokuwa amelijia.

"Shemeji, kwani siku hiyo ile kitu haikulia?"

"Haikulia," nikamwambia.

Akatikisa kichwa, akasema vitu vilivyotengenezwa na watu si vya kutegemea, akavaa leso yake na kwenda.

Kwa hiyo wewe unayesikia haya, nisikilize. Siku moja mtu usiyemjua anaweza kukupa neno umpelekee mwenzako. Usilipime. Usilichunguze kama lina faida ama ni la bure, na usione haya kuonekana mjinga. Lipeleke kama lilivyo, siku hiyohiyo. Mimi nilitumwa nimwambie mdogo wangu apunguze, na nikamwambia asijali.