Kizibao cha Kijani

Fundi ndiye aliyeshona vizibao vya kijani vya darasa maalumu katika shule ya umma ya mtaani kwao. Kazi hiyo aliipata kihalali, maana kwenye safu ile ya vibanda vya cherehani hakuna aliyemfikia kwa mkono safi. Watoto wengine shuleni walivaa shati jeupe, basi. Wale waliochujwa kwa mtihani walivaa kizibao juu yake, wakakaa kwa nafasi kwenye madawati mapya, na wakafundishwa na yule mwalimu wa hesabu ambaye kila mzazi alimtamani kwa mwanawe.

Sasa sikia alivyojiponza. Majibu ya mtihani hayajatoka, yeye kashashona kimoja cha binti yake! Hakumpima, kipimo cha Kibonge alikuwa nacho kichwani: mabega mapana, kiunoni kuachiwe nafasi. Akakitia vifungo vizuri kuliko vya wenzake wote, akakificha kwenye droo ya meza. Majibu yakatoka. Kibonge hayumo. Aliyemo ni Njiti, mtoto wa mdogo wake fundi, tena mdogo wake wa tumbo moja.

Loo! Angekuwa mtoto wa mtu baki, fundi angenuna kidogo yakaisha. Lakini huyu mdogo mtu! Huyu aliyefundishwa kuandika na fundi mwenyewe, kashikwa mkono, huyu aliyekuwa akiona hesabu ya kutoa anaangua kilio! Leo ndiye anayeingia kibandani na mwanawe, meno yote nje.

"Dada, mpime mwanao. Ila kisimbane kwapani."

"Hongera," akasema fundi, pini zikiwa mdomoni. Pini zilimwokoa siku hiyo, kwa sababu mwenye pini mdomoni hakuna anayemdai tabasamu.

"Mama mkubwa, unanibana," Njiti akalalamika.

"Tulia basi."

Alimpenda mtoto yule, msimsingizie. Alimbeba mgongoni zamani, akamwogesha, akamlisha. Lakini kila alipozungusha futi kwenye kile kifua chembamba, roho ilimuuma hasa. Kwa nini huyu? Kibonge wake ana nini kibaya? Akashona kizibao cha Njiti kwa kununa, na bado kikatoka kizuri, jambo lililomuudhi zaidi.

Haukupita muda, mwalimu mkuu akaitisha mkutano. Wazazi walikuwa wanalalamika kuhusu darasa maalumu, wakaambiwa waje waamue wenyewe libaki au livunjwe. Fundi, ambaye mikutano ya shule alikuwa akiikwepa kwa visingizio vya kila rangi, siku hiyo alifika viti havijapangwa.

"Hivi hawa wengine ni watoto wa kambo?" alianza, mikono kiunoni. "Wangu anakaa chini, anarudi na vumbi mpaka kwenye nyusi. Darasa limefurika hadi mlangoni! Mwalimu mzuri mmempa watoto wachache, na hao wachache ndio wanaojua tayari. Mgonjwa anyimwe dawa apewe mzima, hiyo akili gani?"

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Na ubaya wa maneno yake ni kwamba yote yalikuwa kweli.

Mdogo wake akasimama nyuma kabisa.

"Dada yangu hajakosea. Lakini mimi nasafisha ofisi za watu, shule ya kulipia nitaiweza wapi? Hilo darasa ndilo tegemeo langu. Mkilivunja, wenye uwezo watahamisha watoto wao. Wangu nitampeleka wapi? Dai walimu, dai madawati, nami nitadai pamoja nanyi. Wapandisheni wengine, msimshushe wangu."

Wachache walipiga makofi. Fundi alitazama ukutani. Ilipofika kura, mkono wake ulikuwa wa kwanza hewani na wa mwisho kushuka. Darasa likavunjwa. Kuanzia muhula ujao watoto wote watachanganywa, na vizibao basi tangu leo. Tusifichane, fundi alisikia utamu, utamu wa kukuna panapowasha.

Alasiri hiyohiyo mdogo wake alikuja kibandani na kizibao cha Njiti, kimekunjwa vizuri. Kibonge alikuwa amekaa kwenye kigoda, anachambua nyuzi.

"Kifumue, dada. Nishonee hata kipochi. Mtoto akikiona analia."

Akasogea mwenyewe mezani, akavuta droo kutafuta wembe wa kufumulia, kama alivyozoea kupekua vitu vya dada yake tangu utoto. Fundi alinyanyua mkono amzuie. Alichelewa. Mdogo wake alitoa kizibao cha kijani, akakitandaza, akatazama mabega ya kizibao, halafu akatazama mabega ya Kibonge.

"Kumbe, dada," alisema taratibu.

Afadhali angetukana! Alikiweka mezani, akachukua kile cha mwanawe, akaondoka nacho bila kufumuliwa.

Kibonge naye, mtoto ni mtoto, alishakirukia. Akakivaa, akafunga vifungo vyote, akaenda kwenye kioo cha wateja, akageuka huku na huku.

"Mama, kimenikaa!" Alicheka. Kisha kicheko kikakatika katikati, akabaki anamtazama mama yake kupitia kioo. "Kwani ningefaulu, leo ungenyoosha mkono?"

Fundi aliinamia cherehani, akavuta kitambaa cha mteja, akaanza kukanyaga kwa kasi kama mtu mwenye kazi ya haraka. Mashine haikuwa na uzi. Kibonge, mtoto wa fundi, aliliona hilo.