Mashine Inayougulia Nyumbani

Karakanani kwa fundi Loisi, huko Msalato, mashine ya gemu ya mzee Hamidi ilikuwa nzima kama ng'ombe wa masika. Ikirudi kwao mjini haimalizi mchezo mmoja: picha inatetemeka, inakatika, kimya. Ililetwa, ikarudishwa, ikaletwa tena.

"Labda haipendi kwangu," mzee Hamidi alimtania. "Nikuachie, uilee?"

Loisi alicheka mdomoni tu. Kesho ilikuwa Idd ya kuchinja, na watoto wa mtaa walishaahidiwa kucheza. Ikizima mbele yao, nani atamletea tena mashine ya kutengeneza?

Alishasugua meno ya bodi, kile kibao cha saketi ndani ya mashine, kwa kifutio, akapangusa vumbi kwa spiriti, akakandamiza vile vidude vyeusi vyenye miguu kama tandu. Safari hii alibeba vifaa, akaifuata mashine kwao.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kumwona mgonjwa?" Bi Joha, mke wa Hamidi, alikuwa anaivisha mashine nguo yake: kitambaa cheupe cha kufuma, chenye maua, kuanzia utosini hadi chini ya mgongo, kama redio na televisheni zake zilivyovaa.

Loisi aliutazama ule mgongo. Matundu ya kupumulia yamelala chini ya maua.

"Huvaa hivi kila siku?"

"Vumbi la Dodoma si unalijua. Kwako haivai?"

"Kwangu inakaa uchi, mama."

"Ndiyo maana inarudi na mafua."

Angeweza kukivua kile kitambaa na kwenda zake. Lakini bodi isiyo na kasoro haizimwi na joto dogo namna hiyo. Pana mahali panapouma. Akaiwasha na nguo yake mwilini, akanywa chai mpaka picha ilipotetemeka. Upesi akafungua mgongo, akaomba kijiti cha mshikaki, akagusa miguu ya vile vidude mmoja mmoja. Pembeni kabisa, picha ikaruka ikatulia. Risasi ya kulehemu iliyoushika mguu ule ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele: ikipoa unajifumba, ikipata joto unafumbuka. Akachomoa waya ukutani, akalehemu.

"Kumbe ni kitambaa changu," Bi Joha alisema taratibu.

"Kitambaa chako ndicho kilichonionyesha, mama. Kwangu ilikuwa inanificha ugonjwa wake." Akakitandaza mbele, chini ya vitufe, mgongo ukabaki wazi. "Ivae hivi, kama aproni."

Bi Joha akavuta kiti. "Basi nionyeshe kitufe cha kurukia ni kipi, kabla watoto hawajaja kunicheka."

Adhana ya magharibi ilimkuta bado anaruka, na mashine haijazima.