Vibamba Viwili vya Shaba

Siku ya kwanza kazini nilifika kabla karakana ya redio haijafunguliwa, nikasimama barazani pale Kasulu mjini nimevaa viatu vya kuazima. Fundi Mkuu, mtu wa Ujiji aliyeoa huku kwetu, alinitazama mikono kabla ya uso.

"Binti, mikono hii imezoea nini?"

"Kusuka mikeka, mzee."

"Basi leo utasuka koili."

Koili ni waya mwembamba unaozungushwa mara mamia kwenye kijiti, na ukikosea hesabu redio haishiki kituo. Nilizungusha hadi adhuhuri bila kukosea. Akaipima, akasema, "Safi, Skola." Nilistaafu mwaka jana, na nikisema kweli, kazi yangu yote niliifanya nikilitafuta neno hilo tena.

Siku hizi mnaagiza vipuri kwa simu. Sisi vikichelewa tulijitengenezea. Kapasita, kile kinachotunza umeme kidogo na kuuachia, tulikikunja kwa karatasi za fedha za paketi za sigara, tukakichovya kwenye nta ya nyuki kutoka Kibondo. Rizista, inayopunguza umeme, tuliitoa kwenye kaa la ndani ya penseli. Kazi ngumu ilikuwa dayodi, inayoruhusu umeme kwenda lakini si kurudi. Unakata kibamba cha shaba, unakipasha kwenye mkaa mpaka kiwe chekundu, unakiacha humo kwa subira, kisha unakitumbukiza majini. Gamba jeusi linabanduka na chini yake panabaki utando mwekundu kama udongo wetu. Utando huo ndio dayodi.

Wateja waliokuwa na mapenzi na kitu hicho ni wapiga gitaa wa kwaya. Ukiweka dayodi mbili zinazotazamana kinyume ndani ya pedali, kile kisanduku cha kukanyaga kwa mguu, sauti ya gitaa inakatwa ncha na inakwaruza vizuri. Fundi Mkuu mwenyewe alipiga gitaa, kwa hiyo pedali alizisikiliza kwa sikio lake kabla hazijatoka.

Mwaka wangu wa tatu akaajiriwa Nestori, wa rika langu, ambaye wazazi wake walitoka Burundi. Alikuwa mpole, mwenye maneno machache. Wiki ya pili alitengeneza dayodi, Fundi Mkuu akaifunga kwenye pedali, akapiga, akafumba macho. "Huyu amezaliwa nayo," akasema. Mimi nilikuwa nimeshika koili mkononi na roho iliniuma, sitawaficha. Tangu siku ile dayodi za Nestori ziliingia kwenye pedali, zangu zikaenda kwenye redio za kusikilizia habari. Nilimwonea wivu kwa vidole vyake, kwa subira yake, hata kwa namna alivyokula ugali wake bila kuangalia nani anamwangalia.

Basi ikaja pedali ya kwaya moja ya Kibondo, waliokuwa wakijiandaa kwa tamasha. Nestori alikwishafunga vibamba vyake, akaenda kula. Nikawasha mkaa haraka, nikapasha vyangu viwili, nikavipima kwa mita, kile kipimo cha umeme, vikasoma sawa. Nikatoa vyake, nikaweka vyangu, vyake nikavitupa chooni. Sikukusudia kumharibia. Nilitaka Fundi Mkuu asikie, asifie, ndipo niseme, "Hiyo ni kazi yangu." Lakini jioni ile alikuwa na wageni. Akaifungasha bila kuipiga, kwa kuwa alimwamini Nestori.

Kwenye tamasha, wimbo wa pili, gitaa lilikoroma likanyamaza mbele ya watu wote. Pedali ikarudishwa pamoja na maneno makali. Fundi Mkuu aliiweka mezani.

"Nestori, vibamba hivi vimekufa. Umeniaibisha."

Nestori alivichukua, akavigeuza. "Nitakuwa nimekosea, mzee," akasema.

Mimi nilikuwa hatua tatu kutoka pale. Mdomo wangu haukufunguka. Ijumaa Nestori akaondoka na kifurushi chake, Jumatatu nikakalia kiti chake. Baadaye nilipelekwa Kibondo kuwa Msimamizi wa Tawi, nikarudi Kasulu, na alipofariki Fundi Mkuu nikaitwa mimi kwa cheo chake. Nilipostaafu waliniaga vizuri, kwa keki na kitenge.

Mwezi mmoja baada ya kustaafu nikasikia wapiga gitaa, hata wa mbali, wanakwenda Kasanda kwa mzee anayetengeneza dayodi za shaba. Sikuuliza jina. Nilipanda gari hadi Kakonko, nikachukua bodaboda.

"Mwakeye, dada Skola!" Nestori alinisalimia kwa salamu ya kwetu, akainuka, akafuta kiti. Meza yake ilikuwa imejaa vibamba vilivyopangwa, kila kimoja na kikaratasi chake. Akanieleza bila uchungu kwamba baada ya Kasulu yeye na mkewe walilima mihogo ya watu misimu miwili, na mke alilia sana. "Nilijua mkono wangu una kosa nisilolijua. Nikaanza kuandika kila kitu: mkaa, dakika, maji. Mpaka leo naandika."

Nilishindwa kukaa.

"Nestori, vile vibamba vilikuwa vyangu. Nilivipima kwa mita vikasoma sawa, nikavibadilisha mimi ulipoenda kula. Nikanyamaza."

Alinitazama. Nilingoja anitukane, anifukuze, na nadhani nilikuwa nimeyafuata hayo.

"Uliviacha motoni muda gani?" akauliza.

"Nini?"

"Vile vibamba, dada. Vilisoma sawa kwenye mita, halafu vikafa vilipopata joto. Nimejiuliza miaka yote. Uliviacha muda gani?"

Nikamwambia niliviopoa mapema mno, kwa kuwa niliogopa atarudi.

"Ego, ndivyo," akasema polepole. Akavuta daftari, akalamba kidole, akafungua ukurasa mpya, akaandika. Akaniuliza na mkaa ulikuwa wa mti gani. Nikamjibu, akaandika na hilo. Hakuacha hadi alipomaliza. Mimi nilisimama pale na kosa langu, nikimtazama anavyolisoma kama fundi, na nikamwonea wivu kuliko siku zote za Kasulu.